Shimba, Sagalla, Vuria au Kasigau: mlima upi wa siku moja kutoka Mombasa?

Septemba ikiingia tu, makundi ya wapanda milima hapa Mombasa huanza kusambaza matangazo ya safari, na karibu zote zinaelekea mbali: Longonot, Ngong, Mlima Kenya kwa wenye mapafu. Unalala kwenye basi Ijumaa usiku, unapanda Jumamosi umebanana na watu wa Nairobi, unalala tena kwenye basi, Jumatatu uko kazini shingo haigeuki. Na huku Kwale na Taita Taveta kuna vilima na milima ambayo unaweza kuitembea kutwa usikutane na mtu ila mwongozaji wako na mama mmoja aliyejitwika kuni. Njia zipo tangu enzi za mababu. Wanaozipita ni wenyeji wanaokwenda mashambani, sokoni na kanisani.

Nimeiweka minne kwenye mizani: Shimba Hills huko Kwale, kilima cha Sagalla kinachoitazama Voi, Vuria pamoja na msitu wa Ngangao kwenye milima ya Taita, na Kasigau, ule mlima unaouona peke yake upande wa kushoto ukipita Maungu kwenda Voi. Yote minne utaambiwa ni ya kwenda na kurudi siku moja. Kwa mitatu ni kweli. Kwa mmoja ni kweli ya karatasini, na bahati mbaya huo mmoja ndio mzuri kushinda wenzake.

Urefu unadanganya

Wengi huchagua mlima kwa kuangalia mita. Vuria ndio mrefu kuliko yote ya Taita, mita 2,208 juu ya usawa wa bahari. Kasigau una mita 1,641. Ukisoma namba hizo tu, utasema Vuria ndio wa kuogopwa. Lakini Vuria gari hukufikisha karibu kabisa na kilele, kwa sababu juu kuna minara ya mawasiliano na mafundi lazima wafike na vyombo vyao. Isitoshe, ukishuka matatu Wundanyi, tayari umeshapandishwa zaidi ya mita 1,300 ukiwa umekaa. Kasigau unauanza nyikani, kijijini Rukanga au Bungule, na karibu mita 1,000 zinazobaki ni deni la miguu yako mwenyewe. Shimba nao haufiki hata mita 500, lakini una hila yake: unaanza kwa kuteremka.

Kwa hivyo mita naziacha kando, nahesabu jua. Nikishafika chini ya mlima, nimebakiwa na saa ngapi za mwanga? Hapa msimu wenyewe una jambo ambalo wengi hawalitazami. Oktoba na Novemba pwani yetu hupambazukiwa mapema na kuchwewa mapema. Mwanzoni mwa Novemba jua hutoka dakika chache kabla ya saa kumi na mbili asubuhi na huzama kama saa kumi na mbili na dakika kumi jioni. Februari jua lilo hilo huzama karibu saa kumi na mbili na dakika arobaini. Nusu saa nzima. Aliyezoea kupanda wakati wa kaskazi, Januari na Februari, akaja Oktoba na hesabu zilezile, atajikuta msituni anatafuta tochi ya simu. Dawa yake ni kuisogeza siku yote mbele: kama Februari ungeondoka saa kumi na moja, Oktoba ondoka saa kumi na nusu.

Barabara kwanza, mlima baadaye

Shimba ndio karibu. Kutoka mjini ni kama kilomita 33, na siku hizi huna lazima ya kusimama Likoni kungoja feri, maana barabara ya Dongo Kundu, yenye madaraja ya Mwache na Mteza, hukutoa upande wa kusini bila kuona maji ya kivuko. Matatu za Kwale zipo tele. Tatizo huanzia langoni. Ndani ya hifadhi kuna ndovu na nyati, kwa hivyo huruhusiwi kutoka langoni kwa miguu ukaenda mpaka pale matembezi yanapoanzia. Lazima uwe na gari, lako au la kukodi. Kundi la watu sita waliochangia gari halitaisikia gharama hiyo. Mtu peke yake itamuuma.

Voi ni kama kilomita 155, na barabara yenyewe unaijua. Ukiondoka alfajiri unavuka Mazeras na Mariakani kabla malori hayajajipanga, na Voi unaweza kuwa umefika saa mbili na kitu. Ukichelewa kwa saa moja tu, unaweza kulipa saa mbili. Treni ya SGR ile ya kusimama vituo vya kati huondoka Miritini asubuhi na kukufikisha Voi ukiwa umenyooshwa vizuri, lakini ratiba yake haikupangwa kwa mtu anayetaka kupanda mlima na kulala kwake usiku uo huo. Kwa safari ya kulala huko, ipande. Kwa siku moja, achana nayo.

Kutoka Voi, Sagalla uko mlangoni: boda boda au Probox, na umefika. Vuria inabidi uende mpaka Mwatate, ukate kulia, uzipande zile kona za Wundanyi ambazo zimewatapisha watoto wa mjini vizazi na vizazi (tafuna tangawizi), kisha utafute gari jingine la kwenda upande wa Mgange. Huo ni muda.

Kasigau unaachana na lami Maungu na kushika barabara ya vumbi jekundu, zaidi ya kilomita 30, katikati ya ranchi ambazo ndovu hupita wakitoka Tsavo Mashariki kwenda Tsavo Magharibi. Magari ya abiria ya huko yamepangwa kwa ajili ya wenyeji wanaokwenda Voi asubuhi na kurudi jioni, yaani kinyume kabisa cha haja yako. Njia hiyo usiipite usiku, na simaanishi majambazi. Ndovu mweusi kwenye barabara isiyo na taa humwoni mpaka umemfikia.

Miguuni kukoje

Shimba unashuka kutoka Elephant Hill hadi maporomoko ya Sheldrick, kama kilomita mbili, ukiwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki mbele. Maji yanaanguka zaidi ya mita 20 na chini kuna bwawa la kuogelea. Kwenda ni raha tupu. Kurudi ndiko kupanda kwenyewe, tena adhuhuri, na joto la Kwale limeloa kama la mjini. Watoto wa miaka minane wanaweza, babu mwenye magoti yanayolia afikirie mara mbili. Jambo moja ambalo halisemwi langoni: Shimba kuna mbung'o, na mbung'o huvutwa na rangi nyeusi na buluu iliyokolea. Kwa hivyo dada zangu mnaovaa buibui, siku hiyo tafuteni la rangi ya mchanga au kahawia. Na ndugu zangu wenye jezi za buluu, nyinyi pia.

Sagalla ni kupanda kwa wima lakini kwa mapumziko, kwa sababu juu kuna watu wanaoishi. Njia imekanyagwa na wanaobeba mazao kushuka Voi, kwa hivyo haikupotezi. Unatoka kwenye miiba na migunga ya chini, unapita mawe, unaingia kwenye mashamba na miembe, na hewa inabadilika. Ukigeuka nyuma unaiona Voi yote, reli ya zamani na ya SGR, lami ya Nairobi yenye malori, na baada ya hapo Tsavo nyekundu isiyo na mwisho. Kwa mandhari ya saa tatu nne za kutembea, sijaona penye faida kama hapa. Ila kivuli ni haba nusu ya kwanza, na ukianza saa nne utapikwa.

Vuria, kusema kweli, kama unataka kilele tu utavunjika moyo. Juu kuna minara, ua wa waya, na upepo unaopenya fulana. Uzuri wa Taita uko kwenye vijia vya katikati: matuta ya mboga, mifereji midogo ya maji, nyumba zimekaa juu ya nyumba nyingine, watoto wanaokusalimu wote kwa pamoja. Asubuhi isiyo na ukungu, Kilimanjaro hutokea magharibi. Ningekuwa na siku moja tu Wundanyi, kilele ningekipa saa moja na siku iliyobaki ningeipeleka Ngangao, kipande cha msitu wa asili kilichobaki juu ya mgongo wa mlima. Ndani yake njia ni laini, imejaa majani yaliyooza, na miti imepanda mpaka huwezi kuona ilikoishia. Sehemu moja msitu unakatika ghafla na unasimama juu ya jabali tupu, bonde lote liko chini ya viatu vyako.

Sasa Kasigau, na huu nitakaa nao zaidi.

Kwanza mwongozaji anakagua maji. Anatazama zile chupa za nusu lita mlizoshika mkononi, hacheki. "Wanangu, hizo ni za kwendea sokoni," anasema, na mnarudishwa dukani kununua nyingine. Lita tatu kwa mtu, hapana mjadala. Hatua ya kwanza ni kokoto kavu zinazoteleza chini ya soli kama punje za mahindi kwenye sakafu ya saruji. Raba zilizolika meno hapa ndipo zinapojulikana. Jua liko mgongoni, miti haina majani, jiwe ukiligusa linachoma. Baada ya saa moja na nusu hivi, mteremko unakaza na mnaanza kutumia mikono, mkishika mizizi. Halafu bila kutangaziwa unaona gome la mti limevaa kuvumwani. Mti unaofuata nao pia. Unasikia matone, unaangalia juu, mvua hakuna: ni wingu lenyewe linapita katikati ya matawi, linaacha maji kwenye majani, majani yanayaachia chini. Umeondoka jangwani ukaingia msitu wa mawingu, na kijiji ulichotoka bado unakiona katikati ya miti, kimeungua kwa jua. Maji yanayodondoka hapo ndiyo yanayoteremka kwa mabomba hadi vijiji vya chini. Kileleni kwenyewe mara nyingi huoni chochote, ni ukungu tu, na ni baridi. Hakuna anayelalamika.

Kupanda ni kama saa tatu kwa mwendo wa kawaida, kushuka si chini ya mbili, na kushuka ndiko kunakoua magoti.

Mlima huu una kumbukumbu nzito pia, na wazee wa vijijini watakusimulia ukiwauliza kwa adabu. Johannes Rebmann, mmishonari wa Rabai, alivuka nyika kwa miguu mwezi wa Oktoba 1847 mpaka hapa, wakati huo mlima ukijulikana kwa wasafiri kama Kadiaro. Mwaka uliofuata ndipo alipopitia Taita na kuiona theluji ya Kilimanjaro. Yaani msimu huu huu unaotaka kuutumia wewe, lakini yeye hakuwa na barabara ya Maungu. Halafu ikaja vita ya kwanza ya dunia. Wajerumani walikuwa ng'ambo ya mpaka, shabaha yao reli, na Kasigau ulikuwa kambi nzuri ya kuitazama. Mwaka 1915 Waingereza waliwatuhumu wenyeji kuwasaidia maadui, wakawang'oa watu wa mlima mzima na kuwapeleka Malindi. Watu wa mlimani, wasiozoea malaria ya pwani, walikufa wengi. Waliobaki hawakurudi kwao mpaka miaka ya 1930. Kwa hivyo ukimwona mzee hana haraka ya kukuchangamkia wewe uliyetoka pwani, mpe muda.

Kuna nini cha kuona

Kama unatafuta wanyama wakubwa, jibu ni Shimba na mjadala umekwisha. Huko ndiko nyumbani kwa palahala nchini Kenya, yule swala mkubwa mweusi mwenye pembe zilizopinda nyuma, na ndovu wapo kwa wingi kiasi kwamba mwaka 2005 serikali ilihamisha baadhi yao kwenda Tsavo Mashariki.

Lakini mtu wa viumbe vidogo aende Taita, na huku ndiko kunakonishangaza kwamba wenzetu hawaendi. Milima hii ni sehemu ya mnyororo wa milima mikongwe inayoshuka hadi Tanzania, na kila kilima kimekaa peke yake katikati ya nyika kavu kwa muda mrefu hata viumbe vyake havifanani na vya jirani. Kuna chozi na kurumbiza? Wapo, lakini yuko pia mkesha wa Taita mwenye kichwa cheusi na mdomo wa rangi ya chungwa, ndege ambaye duniani kote amebaki kwenye vipande hivi vya msitu tu, Ngangao kikiwa kimoja. Yuko kinyonga ambaye dume lake lina pembe mbili puani. Na chini ya udongo yuko kiumbe kama nyungunyungu mnene wa bluu, asiye na miguu, ambaye kwa kweli ni ndugu wa chura. Mama yake hulea watoto kwa kuwalisha ngozi ya mwili wake mwenyewe: ngozi ya nje hunenepa mafuta, watoto wanaikwangua kwa meno maalumu, naye anaota nyingine. Jambo hilo wanasayansi walilitangaza mwaka 2006, mkulima wa Taita akiwa amemfukua kwa jembe miaka yote.

Sagalla nao una wa kwake, wa jamii iyo hiyo, asiyepatikana kilima kingine chochote. Alipewa jina la kitaalamu mwaka 2005. Kilima hakifiki hata ukubwa wa kisiwa cha Mombasa mara tatu, na kina mnyama wake pekee, na pia lugha yake: Wasaghalla si Wadawida, wale Wataita wa upande wa Wundanyi, na watakusahihisha. Wamishonari wa Kianglikana walifika hapo 1883. Ukishuka, tambarare ya chini utaona mashamba yaliyozungushiwa mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa kwenye waya. Si urembo. Ndovu huogopa nyuki kuliko anavyoogopa mkuki. Akiusukuma waya usiku, mizinga inatikisika na nyuki wanatoka. Mkulima anaokoa mahindi na anauza asali. Nunua chupa moja, ni asali ya kweli.

Kuna pia mapango ya mafuvu ya mababu karibu na Wundanyi. Mwenyeji akikubali kukupeleka, nenda, lakini simu iweke mfukoni. Yale ni makaburi.

Lini hasa, kati ya Septemba na Desemba

Wazungu msimu huu hupanda milima kutazama majani yakigeuka rangi na kuanguka. Kwetu mambo huenda kinyume. Nyika ya Taru na Tsavo imeshapukutika tangu Julai. Septemba na mwanzo wa Oktoba ni kijivu na nyekundu tupu, mibuyu mitupu, vumbi mpaka kwenye meno. Mvua za vuli zikianguka mara mbili tatu, mwisho wa Oktoba au Novemba, majani huchipua kwa siku chache mpaka unadhani umekosea njia.

Kwa hivyo uchaguzi wa mwezi unabadilisha uchaguzi wa mlima. Septemba hadi katikati ya Oktoba, msimu wa tanga mbili, kusi ikififia na kaskazi haijashika: hapo Kasigau na Sagalla njia ni kavu, mawe hayatelezi, barabara ya Maungu inapitika kwa gari lolote lililonyanyuka kidogo. Ubaya ni joto la chini na vumbi. Novemba vuli ikiwa imekolea, Kasigau uache. Mawe ya juu huwa utelezi na barabara inaweza kukuzuia upande usioutaka. Wakati huo Shimba unang'aa, maporomoko yana maji ya kutosha, na mvua zenyewe mara nyingi hazidumu. Taita hunyesha zaidi na ukungu ukishuka Ngangao unaweza kukaa kutwa, ila msitu hauhitaji mandhari ya mbali, na mimi naupenda zaidi hivyo. Kilimanjaro ndiyo utaikosa.

Nguo: kila ukipanda mita 100 joto hupungua kama nusu nyuzi na zaidi. Mombasa ikiwa 30, juu ya Vuria hesabu 17 au 18, kabla upepo haujaingia. Sisi wa pwani 17 ni homa. Beba sweta, usione haya.

Pesa, vibali na waongozaji

Shimba iko chini ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori: unalipa kwa mtandao, taslimu haipokelewi, na mwenyeji aje na kitambulisho ndipo alipe bei ya mwananchi. Lipia nyumbani usiku wa kuamkia safari kuliko kuhangaika na mtandao pale langoni. Ngangao ni msitu wa serikali unaotunzwa pamoja na wenyeji, ulizia ofisi ya misitu Wundanyi. Sagalla na Kasigau gharama kubwa ni mwongozaji, na mwongozaji ni lazima. Kwanza kwa sababu njia zinagawanyika mara nyingi bila alama yoyote, pili kwa sababu unapita kwenye mashamba na maeneo ya matambiko ya watu. Kubalianeni bei kabla ya hatua ya kwanza, na umlipe yeye mkononi.

Siku ya kwenda chagua Jumamosi. Jumapili wengi wa waongozaji wa Taita wako kanisani mpaka karibu saa sita, na saa sita kwa Sagalla ni kuchelewa, kwa Kasigau ni upuuzi.

Chakula, beba mahamri na mbaazi kavu, tende, viazi karai vya asubuhi hiyo. Ila Wundanyi usile cha Mombasa: ulizia kimanga, ule mpondo wa maharagwe na muhogo au ndizi. Sahani moja na hutaki kitu mpaka Mariakani.

Ungekuwa wewe

Una watoto, au una kundi la kazini ambalo nusu yao hawajawahi kutembea zaidi ya kutoka stejini hadi ofisini: Shimba. Utarudi Mombasa kabla ya magharibi na hakuna atakayekulaumu. Si mlima wa kujivunia, lakini kuoga chini ya maporomoko kunafidia.

Una miguu, una siku moja kamili, huna gari: Sagalla, bila kusita. Matatu kutoka Mwembe Tayari mpaka Voi, boda boda, umepanda, umeshuka, saa tisa unakula Voi, jioni uko njiani. Kati ya yote minne huu ndio unaotimiza ahadi ya siku moja kwa mtu wa matatu, na ndio unaotajwa kidogo zaidi. Sijui kwa nini, labda kwa sababu watu wanaona Voi ni mji wa kupita tu.

Unapenda ndege, miti, picha, na baridi: Taita, lakini uwe na gari la kukufikisha Ngangao moja kwa moja, la sivyo nusu ya siku itaishia kwenye kubadilisha magari. Kwa matatu inawezekana, ila chagua kimoja, kilele au msitu. Nimeshasema ningechagua nini.

Kasigau kwa siku moja? Hesabu yake ni hii: Mombasa saa kumi alfajiri, Rukanga saa mbili na nusu, juu saa sita, chini saa tisa, Maungu kabla ya saa kumi na moja. Inaingia. Lakini hiyo ni siku ambayo hakuna lori lililolala Mazeras, hakuna pancha, na hakuna mwenzenu aliyevimba goti. Mimi nasema ulale huko. Vijiji vya chini ya mlima vina banda za wageni zinazoendeshwa na jamii yenyewe. Unafika jioni jua likiwa bado lipo, unaamka saa kumi na moja, unaanza kupanda mawe yakiwa baridi, na saa sita uko chini unakunywa chai. Mwezi wa Oktoba una sikukuu mbili za taifa, tarehe 10 na 20. Ikiangukia Ijumaa au Jumatatu mojawapo, umepata usiku wako. Piga simu mapema tu, banda zenyewe ni chache, na mwambie mwenyeji idadi ya watu ili mama wa jikoni ajue apike unga kiasi gani.